Mama alipopima vyuma vya mwanawe

Ilikuwa saa kumi na mbili jioni, mama yuko jikoni anachambua maharage, aliposikia kishindo nyuma ya nyumba. Kikafuatiwa na sauti ya binti yake wa miaka 12: “Mama, njoo! Kaka!”

Alipofika alimkuta mwanawe wa kiume, mwenye miaka 16, amelala chali kwenye benchi la mbao. Bomba la maji lilikuwa limemlalia juu ya kifua, karibu kabisa na shingo. Kila ncha ya bomba ilikuwa imezamishwa kwenye ndoo iliyojazwa zege. Binti alikuwa ameng'ang'ania upande mmoja akijaribu kuuinua, lakini ndoo ilimzidi nguvu. Mama akashika upande wa pili, wakainua pamoja, kijana akachomoka na kukaa chini. Hakusema kitu kwa muda. Chini ya shingo alikuwa na mstari mwekundu.

“Mama, nilikuwa nafanya mazoezi tu,” alisema baadaye.

Hiyo ilikuwa Juni, Mfaranyaki, Songea, baridi imeanza kuuma na mahindi mapya yameanza kuingia mjini. Usiku ule nyumba nzima ililala na swali moja: vyuma vile vibaki au vitupwe?

Vyuma vilivyotoka kwa fundi

Kijana yuko kidato cha tatu. Ni mrefu, mwembamba, na shuleni wenzake walishampa jina la utani kwa sababu ya wembamba huo. Kwenye simu ya rafiki yake alikuwa ameona video za watu wanaoshindana kunyanyua vyuma vizito, akavutiwa. Jimu za mjini zinadai ada, na nyumbani ada inayojulikana ni ya shule. Kwa hiyo akafanya wanachofanya vijana wengi: akaomba zege lililobaki kwa fundi aliyekuwa akijenga jirani, akatafuta ndoo mbili za rangi za lita 10, akachomeka bomba, akasubiri likauke.

Alikadiria kila ndoo ina kilo 20, jumla 40. Alianza nazo siku hiyo hiyo. Hakukuwa na uzito mdogo wa kuanzia kwa sababu zege likishakauka halipungui.

Baba alitaka vitupwe. Hoja yake ilikuwa ile inayosikika mitaa yote: mtoto akinyanyua vyuma anadumaa, anabaki mfupi na mabega mapana. Jirani mmoja akaongeza kwamba vijana wa vyuma huishia kuwa mabaunsa wa baa. Mama hakuwa na jibu la hayo yote. Alichojua ni kwamba tangu mwanawe aanze kunyanyua, jioni alikuwa nyumbani, hakuwa kijiweni. Alijua pia kwamba kama binti asingekuwa karibu siku ile, wangekuwa wanaongea habari nyingine.

Mama huyu ananunua na kuuza mahindi na maharage. Kibandani kwake kuna mizani ya jukwaa, na jambo moja analolijua kuliko baba, jirani na fundi ni uzito. Hakuna mfanyabiashara anayenunua gunia kwa kulitazama. Lumbesa yenye kilemba juu na gunia la kilo 100 kamili vinaweza kufanana kwa mbali, na wakulima wengi wameumizwa na tofauti hiyo.

Asubuhi akamwambia kijana, “Baba, beba hivyo vyuma vyako twende navyo kibandani.”

Wakavipakia kwenye toroli. Ndoo ya kwanza, iliyojaa hadi ukingoni, ilikuwa kilo 24. Ya pili, ambayo zege halikuifikia juu, kilo 20 na nusu. Bomba peke yake, kilo 3 na nusu. Jumla kilo 48, siyo 40. Na upande mmoja ulikuwa mzito kuliko mwingine kwa kilo 3 na nusu.

Kijana alitazama namba zile akanyamaza. Alielewa kwa nini bomba lilikuwa likimwinamia upande wa kulia kila mara, na kwa nini jana mkono wa kulia ndio uliochoka kwanza.

Hesabu yake si ngumu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya mchanga mkavu ni kama kilo 1.6. Lita moja ya zege ni kama kilo 2.4. Ndoo ya lita 10, ambayo ikiwa na maji mtoto anaibeba toka bombani bila shida, ikijaa zege inafika kilo 24. Macho yanaona ndoo ile ile, mgongo ndio unaojua tofauti.

Je, vyuma vinadumaza?

Hofu ya baba haikutoka hewani. Mifupa ya mtoto anayekua ina sehemu laini karibu na ncha zake, na hapo ndipo urefu unapoongezeka. Sehemu hizo zikiumia vibaya, ukuaji wa mfupa huo unaweza kuharibika. Lakini zinaweza kuumia pia kwa kuanguka toka kwenye mwembe, kwa kugongwa na pikipiki au kwa kukwatuliwa uwanjani. Kinachoumiza ni ajali na uzito usio na kipimo, si zoezi lenyewe.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa taarifa yake kuhusu jambo hili mwaka 2020. Kinasema mazoezi ya nguvu kwa watoto na vijana, yakifundishwa vizuri na kusimamiwa, hayajaonekana kuzuia ukuaji, na yana faida kwa mifupa, misuli na hata kwa kupunguza majeraha ya michezo mingine. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka huo huo wa 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki ziwe na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Halikutenganisha wavulana na wasichana.

Kuna kitu kimoja ambacho kweli kinaweza kumfanya kijana asirefuke, nacho ni dawa za kujaza misuli haraka, zenye homoni za kiume. Kwa kijana ambaye bado anakua, homoni hizo zinaweza kuzifunga mapema zile sehemu laini za mifupa, urefu ukaishia hapo, mbali na madhara kwa moyo, ini na uzazi. Mzazi anayeogopa ndoo ya zege lakini hajawahi kumuuliza mwanawe kama kuna mtu aliyempa vidonge au sindano, anaogopa kitu kidogo na kuacha kikubwa. Mama aliuliza. Kijana alijibu kwamba hapana, ila kuna mtu aliwahi kumwonyesha kopo la unga wa kujenga mwili, akashindwa bei.

“Unga wako uko sokoni,” mama alimwambia. “Kula usipa na maharage.”

Hakukosea. Usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, pamoja na maharage, mayai na karanga vinampa kijana protini anayohitaji, na ugali unampa nguvu ya kufanyia kazi. Kilichobaki ni usingizi, saa 8 hadi 10 kwa kijana wa umri huo, na hapo ndipo simu iliingia kwenye mazungumzo. Sasa inalala chumbani kwa baba.

Mitindo mitatu tu

Mchezo aliouona kijana kwenye video unaitwa pawalifti. Shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1972, na linaruhusu vijana kushindana kuanzia miaka 14. Hauna mambo mengi. Mitindo yake ni mitatu: kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na chuma mabegani, yaani skwati, kulala chali na kusukuma chuma toka kifuani, na kunyanyua chuma toka chini mpaka kusimama wima. Mshindani ana majaribio matatu kwa kila mtindo, kisha uzito wake bora wa kila mtindo unajumlishwa.

Kwa hiyo mtu anayeanza hahitaji jimu yenye mashine ishirini. Anahitaji kitu cha kubeba ambacho uzito wake unajulikana na unaweza kuongezwa kidogo kidogo. Wagiriki wa kale walisimulia habari za mwanamieleka wao, Milo wa Croton, aliyeishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Wanasema alibeba ndama kila siku, na kadiri ndama alivyokua, ndivyo Milo alivyozidi kuwa na nguvu, mpaka akawa anabeba fahali. Iwe kweli au hadithi, somo lake ndilo linalotumika kwenye kila jimu hadi leo. Makosa ya kijana wa Mfaranyaki yalikuwa kuanza na fahali.

Ndoo za zege zikawekwa kando. Mahali pake pakachukuliwa na madumu.

Kwa skwati, kijana alianza na dumu lenye lita 5 za maji, amelikumbatia kifuani. Miguu upana wa mabega, visigino havinyanyuki, magoti yanafuata uelekeo wa vidole, anashuka mpaka aguse kigoda cha jikoni kisha anasimama. Faida ya dumu ni kwamba akishindwa analiachia mbele yake, halimwangukii. Faida nyingine ni kwamba lita moja ikiongezwa, kilo moja imeongezeka. Hakuna jimu inayoongeza uzito kwa urahisi hivyo. Kitu kimoja cha kuangalia ni maji yanayocheza ndani ya dumu lisilojaa, maana yanayumbisha. Akizoea, atumie mchanga kwenye kiroba kilichofungwa vizuri.

Kwa kusukuma, alirudi kwenye pushapu mpaka aweze 20 safi bila kiuno kulegea. Benchi likaondolewa kabisa. Siku atakaporudi kwenye bomba, atalala chini, na pande zote mbili, chini ya kila ndoo, yatapangwa matofali mawili ya kuchoma. Akishindwa, ndoo zitatua kwenye matofali na bomba litabaki juu ya kifua chake. Matofali hayo yanafanya kazi ambayo kwenye jimu kubwa inafanywa na vyuma vya pembeni.

Kwa kunyanyua toka chini, tatizo lilikuwa jingine. Kwenye mashindano sahani kubwa za chuma zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo bomba linakaa kama sentimita 22 toka ardhini. Bomba lililopita katikati ya ndoo ndogo linakaa chini zaidi, na anayeliinamia analazimika kupinda mgongo kabla hata hajaanza. Dawa yake ni tofali moja chini ya kila ndoo. Bomba liwe karibu na miguu, makalio yarudi nyuma, mgongo ubaki umenyooka, kisha mtu asukume ardhi kwa miguu. Mwezi wa kwanza hata huo mtindo aliufanya kwa dumu la lita 10 lililowekwa katikati ya miguu.

Mazoezi yakapangiwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku ya katikati ni ya kupumzika. Kila mtindo seti 3, kila seti mara 8. Na mama akaweka masharti yake matatu, akayaandika kwenye jalada la daftari.

La kwanza, kila kitu kinapimwa kwenye mizani kabla ya kunyanyuliwa, na namba inaandikwa kwa mkaa juu ya ndoo na kwa kalamu kwenye daftari. La pili, anaacha akiwa bado anaweza mara mbili zaidi. Hakuna kujaribu uzito wa mwisho wa nguvu zake ili kuwaonyesha marafiki. La tatu, hakuna kulala chini ya bomba peke yake, hata siku moja, hata kama ni bomba tupu.

Sharti hilo la tatu lilimpa binti kazi. Akawa ndiye mkaaji wa pembeni, anahesabu na kuandika. Baada ya wiki mbili akauliza swali lake.

“Mama, na wasichana wanaruhusiwa?”

Baba ndiye aliyejibu kwanza, akasema huo mchezo ni wa wanaume. Lakini jirani zetu Kenya wana mwanamke anayeitwa Hellen Wawira Kariuki, aliyewakilisha nchi yake kwenye mchezo huo katika Michezo ya Paralimpiki ya Tokyo 2020, iliyofanyika 2021. Kwenye Paralimpiki mtindo ni mmoja tu, kulala chali na kusukuma, na wanawake wameruhusiwa kushindana tangu Sydney mwaka 2000. Mtu ambaye miguu yake haina nguvu anaweza kuushindania. Baba aliangalia video yake kwenye simu ile ile aliyokuwa ameifungia chumbani. Hakusema ndiyo wala hapana. Siku iliyofuata binti alikuwa na dumu lake la lita 3.

Mgongo wa mama

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia lilitokea Agosti, kibandani. Mama alikuwa anahamisha viroba vya maharage vya kilo 25 kama anavyofanya kila siku: miguu imenyooka, kiuno kimepinda, mikono mbali na mwili. Kijana alikuwa pembeni.

“Mama, subiri. Ukinyanyua hivyo unaumia. Kisogeze karibu, piga magoti kidogo, mgongo unyooke.”

Mama alitaka kumjibu kwamba amebeba magunia tangu kijana hajazaliwa. Lakini kweli ni kwamba kwa miaka kadhaa amekuwa akilala na maumivu ya kiuno, na kila mara anapaka dawa ya kuchua kisha asubuhi anarudi kwenye viroba. Akajaribu alivyoelekezwa. Kiroba kilikuja juu kwa miguu, si kwa kiuno.

Wanawake wengi wa umri wake wanabeba sana lakini hawafanyi mazoezi. Kubeba ndoo kichwani kila siku ni kazi, na mwili unachoka, ila uzito ni ule ule, mkao ni ule ule, na mapumziko hayapo. Mazoezi ni uzito uliochaguliwa, unaoongezwa kwa hatua, wenye siku ya kupumzika. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, pamoja na dakika 150 hadi 300 za kuushughulisha mwili kwa kiasi. Na hakuna umri wa kuchelewa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wazee dhaifu 10 waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa miaka 86 hadi 96. Waliwafanyisha mazoezi ya uzito ya miguu kwa wiki 8. Waliomaliza nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutumia fimbo.

Mama ana miaka 43. Alianza na dumu la lita 5, Jumatatu na Ijumaa, baada ya kufunga kibanda. Kwa sababu kiuno kilikuwa na maumivu ya muda mrefu, alikwenda kwanza kituo cha afya akachunguzwe. Hilo ni jambo la kufanya kwa yeyote mwenye presha, mjamzito, aliyewahi kuvunjika au mwenye maumivu yasiyoisha. Na kwa wote, vijana kwa wazee, maumivu makali ya ghafla, ganzi inayoshuka mguuni au maumivu yanayomwamsha mtu usiku si ya kuvumilia. Dumu linawekwa chini, mtu anakwenda hospitali.

Daftari limefika Desemba

Mvua zimeanza Songea. Mazoezi yamehamia barazani, na daftari limejaa kurasa nyingi. Ukurasa wa Juni unaonyesha dumu la lita 5. Wa Septemba, kiroba cha mchanga cha kilo 20. Katikati kuna wiki ambazo hakuna kilichoandikwa, wiki za mitihani na wiki moja ya malaria, na baada yake namba inaanza chini tena. Mama hakuruhusu kurudi pale pale palipoachwa.

Kijana hajafupika. Baba alimpima kwenye fremu ya mlango, kwa penseli, Juni na tena Desemba, na alama ya pili iko juu ya ile ya kwanza.

Zile ndoo za zege hazikutupwa. Ziko barazani, moja imeandikwa 24, nyingine 20.5. Jumamosi ya kwanza ya mwezi kijana alifunga kwenye ndoo nyepesi kidumu chenye lita 3 na nusu za maji, ndoo zote mbili zikalingana. Akaweka tofali moja kila upande. Mama akajumlisha kwenye daftari: 24, na 24, na bomba 3 na nusu. Kilo 51 na nusu. Ni zaidi ya ule uzito uliomlalia kifuani Juni, lakini safari hii ulikuwa chini, mbele ya miguu yake, na kila mtu alijua ni kiasi gani.

Aliinama, akanyoosha mgongo, akasimama nao mara 5. Mara ya sita alikuwa anaiweza, na ya saba pia. Aliuweka chini.

“Tano,” binti akaandika.

Baba, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, akauliza kama kuna dumu la ziada.